Shujaa ama msaliti? Jinsi ya kumpima mtu aliyetoboa siri za serikali

Kila akitokea mtu ametoa makaratasi ya serikali nje, watu hugawanyika hapo hapo, hawa wanasema huyo shujaa apewe hata barabara kwa jina lake, wale wanasema msaliti huyo, ametumwa na mabeberu, na ukiuliza ni nani hapa ameyasoma hayo makaratasi yenyewe unaona kimya, mtu anaanza kutafuta link. Sasa hapa chini ni njia ya kumpima bila makelele. Mimi si wakili na haya si mambo ya korti, ni maswali tu, lakini mpangilio wake una maana manake wengi wetu tunaanza na swali ambalo lingekuja mwisho kabisa, yaani "alikuwa anataka nini huyu?"

Nitatumia sana watu wawili wa hapa Kenya, David Munyakei wa Goldenberg na John Githongo wa Anglo Leasing, alafu nichomekee wa Marekani na mmoja wa Afrika Kusini pale wanapofaa.

Anza na karatasi, mtu muache kwanza

Munyakei alikuwa karani Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 90, kwenye idara iliyoshughulikia mambo ya mauzo ya nje. Karani tu, si mkubwa, mtu wa kupokea faili na kupeleka faili. Wakati huo kulikuwa na kampuni inaitwa Goldenberg International, ya Kamlesh Pattni, iliyokuwa inadai serikali fidia kwa kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi. Fidia ya kawaida kwa muuzaji wa nje ilikuwa asilimia 20, Goldenberg wakaongezewa 15 juu yake ikawa 35, na wakaachiwa biashara hiyo peke yao. Haya, sasa kaa chini ufikirie: Kenya almasi hatuchimbi, na dhahabu yetu wakati huo ni ile ya watu kuchekecha mchanga kule Migori na Kakamega. Mzigo wa kulipiwa fidia kiasi kile ungetoka wapi? Pesa zilikuwa zinatoka lakini karatasi za kuonyesha mali imevuka mpaka na dola zimerudi ama hazipo ama ukiziangalia zinachekesha, na mtu wa kwanza kuona kitu kama hicho huwa ni yule karani wa chini manake ndiye anayezishika, wakubwa wao huweka sahihi tu.

Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: siri hii ilikuwa inafichwa nani? Kuna siri za halali, hakuna mtu mzima anabisha hapo, mahali wanajeshi watapita kesho, jina la shahidi kwenye kesi ya mauaji, namna ya kulinda mitambo ya umeme. Hizo zinafichwa adui. Goldenberg ilikuwa inafichwa adui gani? Hakuna jirani angetuvamia ati kwa sababu amejua tunalipia almasi hewa. Aliyekuwa anafichwa ni mlipa kodi, yule yule aliyekuwa anaona bei ya unga inapanda na shilingi inaporomoka na hajui kwa nini. Kuna makadirio yanayosema hasara ilizidi asilimia 10 ya pato la taifa la mwaka mzima. Ukipata jibu kwamba siri ilikuwa ya kumficha mwenye mali, umeshamaliza nusu ya kazi.

Na usitishwe na muhuri. Munyakei alikamatwa akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, sheria ambayo ukiisoma unaona ilitungwa akifikiriwa jasusi anayechora ramani ya kambi, siyo karani aliyeona malipo ya ajabu. Kesi yenyewe ikaachwa njiani, lakini kazi hakurudishiwa. Muhuri wa SIRI hugongwa na mtu, na huyo mtu anaweza kuwa ndiye mwenye kitu cha kuficha.

Alikuwa na mlango gani wa kubisha?

Hapa ndipo wazee wenye heshima zao huja na ile ya "angefuata utaratibu". Swali zuri kabisa, silikatai, ila lazima uliulize kulingana na mahali mtu alikuwa amekaa. Karani wa mwaka 1993 angeenda wapi? Bosi wake ndiye anayepitisha malipo. Polisi ni wa serikali ile ile. Tume ya kupambana na ufisadi kama unavyoijua leo haikuwepo. Kitu kimoja tu kilikuwa kipya, bunge lilikuwa limepata wapinzani baada ya uchaguzi wa Desemba 1992, na huko ndiko aliwapelekea makaratasi wabunge wa upinzani, Paul Muite na Anyang' Nyong'o, mambo yakafika bungeni. Sasa angalia vizuri hapo. Hakuuzia ubalozi. Aliwapa watu ambao kazi yao kikatiba ni kuuliza serikali pesa za umma zimeenda wapi, kwa hivyo mimi nikisikia mtu anasema alivunja utaratibu huwa nauliza utaratibu gani ungekuwa bora kuliko bunge, na sijapata jibu bado.

Githongo ni kinyume kabisa na ndio maana wawili hawa wanapendeza kuwekwa pamoja. Yeye alikuwa na mlango mkubwa kuliko wote. Rais Mwai Kibaki aliingia mwisho wa 2002, na mwaka 2003 alimteua kuwa Katibu wa Kudumu wa utawala na maadili, ofisi yake karibu na Rais, yaani kuibua ufisadi ndiyo ilikuwa kazi aliyoajiriwa. Alafu akakutana na Anglo Leasing. Mfano unaotajwa sana ni ule wa mitambo ya pasipoti, kampuni ya Ufaransa ilikuwa imesema itaifanya kwa euro milioni 6 hivi, tenda ikaenda kwa Anglo Leasing kwa euro milioni 30, kampuni ambayo ukitafuta wenyewe huwapati, anwani tu Liverpool. Ukivuta uzi huo mmoja ikatokea mikataba 18 ya jumla ya dola milioni 770 hivi. Na maajabu zaidi, baada ya maswali kuanza pesa zingine zikarudi Hazina zenyewe, yaani mwizi asiyejulikana amerudisha na hajaacha jina, mimi mpaka leo hiyo sehemu ndiyo inanichekesha kuliko zote.

Mtu mwenye mlango mkubwa hivyo unamdai zaidi. Lazima abishe kwanza. Na alibisha, alimpelekea Rais taarifa mara nyingi, alikaa ndani miaka miwili hivi akijaribu, mpaka akaona wale anaochunguza ndio wanaomwambia apunguze mwendo, ndipo akaanza kurekodi mazungumzo na wenzake kisiri, Februari 2005 akajiuzulu akiwa London, na Januari 2006 dosia yake, yaani faili la ushahidi aliokusanya, ikatoka hadharani. Mawaziri wawili walijiuzulu mwezi uliofuata, walikanusha, na baadaye walirudi kwenye baraza la mawaziri.

Kuhusu kurekodi wenzako, hapo nakubali kuna mtu ataona uchungu. Kukaa na mtu mkinywa chai na mashine iko mfukoni si tabia ya kufundisha watoto. Lakini bila ile sauti ingekuwa neno lake dhidi ya mawaziri kadhaa, na wewe mwenyewe unajua nani angeaminika.

Kama bado unafikiri njia ya ndani ndiyo salama na anayetoka nje ana haraka tu, soma kuhusu Babita Deokaran. Alikuwa afisa mkubwa wa fedha katika idara ya afya ya mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini. Hakwenda kwa gazeti, hakupanda ndege. Aliona malipo ya kutia shaka yanayohusu hospitali ya Tembisa, waandishi baadaye waliyataja kuwa karibu randi milioni 850, akawaambia wakubwa wake wasimamishe malipo na wachunguze. Tarehe 23 Agosti 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake Johannesburg, ametoka tu kumpeleka mtoto shule. Wanaume sita walifungwa mwaka 2023 kwa mauaji hayo. Kwa hivyo unapomwambia mtu angefuata utaratibu, ujue unamtuma wapi.

Alibeba kiasi gani?

Munyakei alibeba yanayohusu Goldenberg. Githongo yanayohusu Anglo Leasing. Hapo hamna shida, ukubwa wa alichotoa unalingana na ukubwa wa uovu. Shida inaanza mtu akibeba gunia zima.

Chelsea Manning, mwanajeshi wa Marekani, alitoa nyaraka karibu 700,000 kwa WikiLeaks, tovuti ya kuchapisha siri, na ndani yake kuna ile video ya helikopta ikiua raia Baghdad mwaka 2007, wawili wao wafanyakazi wa shirika la habari la Reuters. Video ile kwangu mimi haina mjadala, watu walistahili kuiona. Lakini nyaraka 700,000 hakuna binadamu anaweza kuwa amezisoma zote akajua kila moja ina nini, kwa hivyo hapo unagawa, hii alifanya vizuri, ile alibahatisha. Alihukumiwa miaka 35 mwaka 2013, Obama akampunguzia, akatoka 2017.

Edward Snowden naye, aliyekuwa anafanyia kazi shirika la ujasusi la Marekani, 2013, alichukua nyingi lakini akawapa waandishi wachague cha kuchapa, na hiyo ni hatua mbele kwa sababu kuna mtu mwingine katikati anayeuliza hii ina faida gani kwa umma. Lile la serikali ya Marekani kukusanya rekodi za simu za raia wake wote, nani kampigia nani na saa ngapi, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2015 kwamba sheria haikuruhusu, na bunge lao likaubadilisha mpango mwaka huo huo. Na msidhani ni mambo ya wazungu tu, 2014 kwenye habari zilizotokana na nyaraka zake Kenya ilitajwa kati ya nchi ambazo taarifa za simu zake zilikuwa zinakusanywa. Nani kampigia nani Nairobi, Kisumu, Mombasa. Serikali yetu ilipiga kelele kiasi gani, hilo najua mnakumbuka.

Lakini alitoa pia mambo ya namna Marekani inavyochunguza nchi zingine, na ujasusi kati ya serikali na serikali ni kitu kila nchi inafanya, hapo wanaomlaumu wana hoja. Na kwamba yuko Urusi, amepewa hata uraia 2022, hiyo watu huitumia kama rungu, wakisahau kwamba pasipoti yake ilifutwa na Marekani wenyewe akakwama uwanja wa ndege Moscow. Jibu langu kwa Snowden ni nusu nusu, simu za raia ndiyo, mengine moja baada ya nyingine. Hakuna sheria inayosema lazima uwe na jibu moja kwa mtu mzima na kila alichofanya.

Geuza jina

Hii ndiyo hatua ya kwetu hasa na wengi wanaikwepa. Chukua kisa, andika kwa sentensi tatu, toa jina la mtu, toa kabila, toa chama. Alafu weka jina la mtu wa upande usioupenda na serikali unayoipenda. Soma tena. Kama jibu lako limebadilika, ulikuwa unapima kabila.

Githongo aliitwa msaliti na baadhi ya watu wa jamii yake mwenyewe, siyo kwa sababu alidanganya, ila kwa sababu serikali ilikuwa "yetu" na alifaa kungoja wengine waingie ndio aanze kufichua. Na upande wa pili nao, watu walioshangilia dosia yake 2006 wengine walikuwa wanashangilia tu kwamba Kibaki ameumbuka, ukiwauliza kuhusu Goldenberg enzi za KANU, chama kilichotawala kabla ya Kibaki, wanakwambia hiyo ni zamani tuachane nayo. Ukifanya zoezi hili kwenye group ya familia jiandae, mimi nimeshaona watu wakitoka kwenye group.

Kuna na ile ya "anatumika na wazungu". Sawa, inawezekana. Lakini swali ni kama makaratasi ni ya kweli. Mwaka 2014 serikali ya Uhuru Kenyatta ililipa karibu shilingi bilioni 1.4 kwa madeni yale yale ya aina ya Anglo Leasing, ili nchi iweze kuuza Eurobond, yaani kukopa kwa wawekezaji wa nje, bila kesi za nje kuning'inia. Tumelipa sisi. Hiyo haikuwa ndoto ya mzungu.

Sasa ndio uulize alitaka nini

Nia iko mwisho kwa sababu huwezi kuiona. Unaweza kuona karatasi, unaweza kuona alimpa nani, moyo wake huuoni. Jirani mnayedaiana akipiga kelele usiku kuna mwizi kwako, unatoka kwanza, mambo ya deni mtaongea asubuhi. Mtu anaweza kuwa alinyimwa cheo, anaweza kuwa na kisasi na bosi, anaweza kuwa anapenda kuonekana kwenye TV, na bado pesa ziliibiwa kweli. Serikali zote duniani zinajua hili ndio maana kitu cha kwanza wanachofanya ni kumchimba mtu, watu wa Ikulu ya Rais Nixon wa Marekani walivunja ofisi ya daktari wa akili wa Daniel Ellsberg baada ya Ellsberg kutoa nyaraka za vita vya Vietnam mwaka 1971, walikuwa wanatafuta uchafu, na matokeo yake kesi dhidi yake ikatupwa 1973 kwa sababu ya ujinga huo na mwingine.

Nia inaingia mahali pamoja tu, kama alilipwa. Aliyeuza siri kwa bei kwa mnunuzi mmoja na hakutaka umma ujue, huyo ni mfanyabiashara ama jasusi, muondoe kwenye mjadala. Na usichanganye na zawadi ya kisheria. Uganda kwa mfano, sheria yao ya 2010 ya kulinda wanaofichua inampa mtoa taarifa asilimia 5 ya pesa zitakazorejeshwa, hiyo siyo rushwa, ni serikali imeamua kwamba afadhali impe huyu 5 kuliko kupoteza 100.

Usipime pia kwa matokeo. "Mbona hakuna aliyefungwa?" Kwa Goldenberg kulikuwa na tume nzima ya Jaji Bosire, ilianza 2003 ikatoa ripoti 2006, na wakubwa hakuna aliyekwenda jela. Pattni mwenyewe Marekani ilimwekea vikwazo Desemba 2024, na ni kwa mambo ya dhahabu ya Zimbabwe, si yetu. Hayo ni makosa ya korti na waendesha mashtaka, karani alishafanya yake zamani.

Ukishamwita shujaa, una deni

Munyakei baada ya kufutwa alihangaika. Alienda Mombasa akajaribu kuanza maisha upya, akarudi upande wa Narok, kazi ya maana hakupata tena, alitoa ushahidi mbele ya tume ya Bosire, akapewa tuzo ya uadilifu na makofi mengi. Alikufa 2006 akiwa maskini, hajafika miaka 40, ameacha mke na watoto. Mwaka ule ule ripoti imetoka. Kila mtu alikuwa anamwita shujaa na hakuna aliyemrudishia hata ile kazi ya ukarani, na serikali iliyoingia mwisho wa 2002 iliingia ikipigia kampeni vita dhidi ya ufisadi wa aina hiyo hiyo aliyoifichua, kwa hivyo usiniambie hawakumjua.

Ndiyo, kwangu ni shujaa, tena kuliko Githongo, na Githongo namheshimu. Githongo alikuwa na majina ya kupigia simu, alipata pa kukaa Oxford, alirudi nyumbani akaendelea na kazi. Karani hakuwa na simu ya kumpigia mtu. Nikilinganisha nani alihatarisha zaidi kulingana na alichokuwa nacho, sioni mashindano.

Kwa hivyo hatua ya mwisho ni ya vitendo. Tanzania wana sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Uganda nimeshataja. Kenya tunacho kifungu kwenye sheria ya hongo ya 2016, anayemtesa mtoa taarifa anaweza kupigwa faini isiyozidi milioni moja ama kifungo kisichozidi mwaka, na mswada kamili wa kuwalinda wafichuzi umezungushwa kwa miaka mingi. Ukiletwa kwa maoni ya umma usisome kichwa tu. Tafuta kama unamlinda aliyepeleka kwa mbunge ama mwandishi baada ya milango mingine kufungwa, manake sheria nyingi za aina hii zinamlinda tu aliyepeleka kwa mamlaka iliyoandikwa humo, aliyekwenda gazetini anabaki nje. Tafuta kama mtu akifutwa anarudishwa kazini na malipo yake, na ni nani anapaswa kuthibitisha, yeye ama mwajiri. Na tafuta kama kuna mfuko wa pesa umetajwa na bajeti yake inatoka wapi, kwa sababu ulinzi usio na bajeti Munyakei aliupata tayari. Alafu andika hayo matatu kwa barua pepe, peleka kwa karani wa bunge kabla siku za maoni hazijaisha, huwa ni chache.